Mdogo wako hatalipa ada ya Tokyo kwa baito (vibarua), kula atakula (niliyoyaona mimi)

Mkuu nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema mdogo wako wa kike anakuja shule ya lugha Tokyo muhula wa Aprili, ejenti kawaambia lipeni ada ya miezi sita tu, iliyobaki atajilipia mwenyewe kwa vibarua, sasa unauliza kama inawezekana, kazi zinapatikanaje, na kama ni salama msichana kurudi usiku. Naanza na la kwanza maana ndo linaloumiza watu huku: haiwezekani. Kula atakula, kodi ya chumba atalipa, hatawapigia simu za njaa, ila ada msiiweke kwenye hesabu hiyo kabisa.

Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi masaa 28 kwa wiki, basi. Kima cha chini Tokyo tangu Oktoba 2025 ni yeni 1,226 kwa saa. Piga kwa wiki nne inakuja kama yeni 137,000, na hapo hajaumwa wala hajakosa shifti hata moja. Toa chumba elfu 45 tena cha kuchangia jiko na bafu, umeme na gesi elfu 8, chakula elfu 28 kama anapika mwenyewe, treni elfu 8 (wanafunzi wa shule za lugha wengi hawapati punguzo la treni kama wa chuo kikuu, hilo ejenti hasemi), simu na bima ya afya elfu 5. Kabaki na elfu 43. Ada za shule nyingi za lugha Tokyo zinacheza laki 7 mpaka 8 kwa mwaka, yaani elfu 60 na ushee kwa mwezi. Kila mwezi ana pengo na hata koti la baridi hajanunua. Likizo ndefu za shule anaruhusiwa mpaka masaa 8 kwa siku, hapo anajazia kidogo, lakini likizo zenyewe zinahesabika. Halafu kwenye maombi ya viza si mliandika nani anamlipia ada? Karatasi ile uhamiaji wanayo.

Mimi niliingia Aprili 2023, nikakaa Saitama, mkoa wa jirani, maana vyumba bei ina nafuu kuliko Tokyo na treni haizidi dakika 40. Nilikuja na hela ya mwezi mmoja na nusu nikijiona mjanja. Kazi nimepata katikati ya Mei, sasa huku mshahara hawalipi palepale, kazini kwangu walikuwa wanafunga hesabu mwisho wa mwezi na kulipa tarehe 25 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo hela yangu ya kwanza nimeishika tarehe 25 Juni na ilikuwa ya nusu mwezi tu. Kuanzia mwisho wa Mei nilikuwa nakula wali na mayai asubuhi, wali na mayai jioni, kuna mpemba mmoja tulikuwa naye shule akawa ananiita kuku. Mdogo wako aje na hela ya miezi mitatu mkononi, tofauti na ada.

Kibali sasa. Viza ya mwanafunzi peke yake haikuruhusu kufanya kazi, lazima uombe ruhusa ya ziada, wenyewe wanaita shikakugai katsudo. Mimi niliombea palepale uwanja wa ndege Narita, fomu ya ukurasa mmoja, haina malipo, wakanigongea muhuri nyuma ya kadi ya ukaazi. Kama hakuomba pale ataenda ofisi ya uhamiaji na kusubiri wiki kadhaa, kwa hiyo aichapishe fomu kabisa akiwa bado Dar, aijaze, aishike na pasipoti. Mwajiri yeyote mwenye akili zake kitu cha kwanza atakachofanya ni kugeuza ile kadi aangalie nyuma.

Na hayo masaa 28 ni jumla ya kazi zote, sio 28 hapa na 28 pale, na yanahesabiwa siku saba zozote mfululizo, sio Jumatatu kwa Jumapili tu kama wengi wanavyodhani. Kuna jamaa tuliyekuwa naye darasani alikuwa na kazi mbili, usiku ghala, mchana hotelini, anapiga masaa 45, simu mpya, viatu vipya, sisi tukawa tunajiona wajinga. Kwenda kuongeza viza wakamtaka cheti cha kodi cha manispaa, mapato yote ya sehemu mbili yako pale mpaka yeni ya mwisho. Viza ilikataliwa akarudi kwao na deni la ada. Sikwambii kwa kutisha, nilimsaidia mwenyewe kufunga begi.

Kazi zenyewe. Asiyejua kijapani ana milango michache: viwanda vya bento (vile vyakula vya boksi), maghala ya kupanga vifurushi, kutandika vitanda hotelini, kuosha vyombo. Ile ya bongo wanasema fulani yuko majuu anabeba maboksi, huku ni maboksi kweli, yanakuja kwenye mkanda nawe unasoma namba na kuyasukuma kulia au kushoto mpaka saa kumi na moja alfajiri. Usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja alfajiri ni lazima wakuongeze asilimia 25, ni sheria, ndo maana wengi tunakimbilia huko.

Mimi nilianzia bento. Basi la kiwanda linatuchukua stesheni, wanepali, wavietnam, mimi peke yangu mweusi. Unavaa ovaroli nyeupe, kofia ya wavu, juu yake kofia nyingine mpaka mabegani, barakoa, yanabaki macho tu. Mwenzako anakupitishia rola yenye gundi mwilini kutoa nywele, unanawa mpaka viwiko, ndo unaingia kwenye mkanda. Siku ya kwanza wakaniweka kwenye vipande vya nguruwe vya kukaanga, mie mtoto wa Tanga, nikamwendea msimamizi kwa kijapani changu cha wiki sita nikamwambia buta (nguruwe), dame (haifai), dini. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akanihamishia kwenye wali. Kazi yangu ikawa kuweka tunda moja la umeboshi, dogo jekundu lenye chumvi, katikati ya wali mweupe. Moja. Boksi linapita, unaweka, lingine. Masaa sita. Nikifumba macho kitandani naona bendera ya Japani. Mkono haukuumia sana, kilichoumia ni kichwa, maana saa nzima hakuna mtu anayeongea nawe hata neno, na hapo ndo nilipong'amua nitamaliza mwaka nimelipia shule ya lugha na lugha sijui.

Kwa hiyo bento iwe ya kuanzia, asizeeke nayo. Miezi minne inatosha, huku anakaza lugha, kisha atafute kaunta: konbini (vile viduka vya masaa 24), mgahawa, duka la dawa. Hela ni ileile au inazidi kidogo, lakini unalipwa huku unafundishwa kijapani bure.

Kutafuta. Programu za simu zipo, TownWork, Baitoru na nyingine, nilituma maombi mengi humo na nikapiga simu. Simu ndo balaa. Unapiga, unajitambulisha, ukishataja jina lako tu upande wa pili kimya kidogo halafu unaambiwa samahani nafasi imejaa, kesho tangazo bado lipo. Kumi na moja walinijibu hivyo, nilikuwa naandika kwenye daftari. Kilichonisaidia ni kutembea kwa miguu. Ingia konbini za mtaani kwenu, angalia beji ya jina ya muuzaji, ukiona jina limeandikwa kwa katakana (herufi zao za kuandikia maneno ya kigeni) ujue huyo ni mgeni na bosi wa pale ameshazoea wageni, ukiona na karatasi ya kutafuta wafanyakazi mlangoni umefika. Usiingie saa sita mchana watu wamejipanga na chakula, nenda saa nane au tisa, nunua hata chai, muulize yule mgeni mwenzio kwanza bosi yukoje.

Wasifu wa kazi, rirekisho, una fomu yake maalum, duka la yeni 100 wanauza. Unaandika kwa mkono, kalamu nyeusi, ukikosea herufi moja hakuna kufuta, unachana na kuanza upya. Mimi nilichana tisa. Picha ya sentimita 3 kwa 4, shati jeupe, usicheke.

Intavyuu yangu ilikuwa stoo, katikati ya maboksi ya soda, dakika kumi. Bosi mzee kidogo, hakuniuliza habari ya digrii wala nini. Unakaa wapi, unaweza siku gani, Jumamosi na Jumapili je, mwaka mpya je? Akachukua pakiti ya mkate akasema soma. Nikasoma katakana zote, kanji moja (zile herufi za asili ya kichina) ikanishinda nikasema hii sijui lakini nitaijua kesho. Akacheka. Unaweza kuanza lini?

Mtu akikwambia konbini ni rahisi hajawahi kusimama mle. Mashine ya hela inakuongoza, hiyo sawa, lakini kuna bili za umeme, vifurushi vya kutuma, tiketi, kuku wa kukaanga, kuuliza mfuko (mifuko ya plastiki inauzwa tangu Julai 2020), kuuliza kama apashe moto. Na sigara. Nyuma yako ukuta mzima wa pakiti zenye namba, wateja wastaarabu wanataja namba. Wiki ya pili akaja mzee akasema "maisen". Nikamuuliza namba, akasema maisen. Nikaangalia ukuta, hakuna kitu kama hicho. Foleni imefika mlangoni. Mama mmoja mfanyakazi mwenzangu akanyoosha mkono juu ya bega langu akatoa pakiti ya Mevius. Kumbe zamani ilikuwa inaitwa Mild Seven, wakabadilisha jina 2013, wazee hawataki kusikia. Baada ya hapo kila nikimuona yule mzee anapaki baskeli nje natoa pakiti kabisa naweka kaunta, naye wala hakusema kitu, analipa anaondoka. Mwezi wa tatu akaniambia samui ne, kuna baridi eeh.

Yule mama ndo aliyenishtua pia kuhusu likizo ya malipo. Kibarua naye anayo kisheria: ukishafanya miezi sita bila kukosa kosa, kama unaingia siku nne kwa wiki wanakupa siku 7 za mwaka, siku tatu kwa wiki unapata 5. Kule kwenye bento niliambiwa baito hana likizo, wakati nilikuwa bado sijafika hata hiyo miezi sita nikaamini. Konbini nilipomuomba bosi akavuta hewa kwenye meno, sssss, akakuna shingo, akanipa. Kuna ofisi za serikali za viwango vya kazi zina watu wa kusikiliza wageni kwa lugha kadhaa, simu yao aihifadhi. Na asimwachie mtu pasipoti wala kadi, mwajiri anaruhusiwa kuiangalia na kutoa kopi, kukaa nayo hapana.

Kwa msichana kuna moja nalisema wazi. Watamfuata stesheni watu wamevaa vizuri, watamwambia kazi ya baa, kukaa na wateja, kumimina vinywaji, saa moja yeni elfu mbili na zaidi. Mwanafunzi haruhusiwi kabisa sehemu hizo, wala kumbi za pachinko (mashine za kamari), hata akiwa ni wa kuosha glasi jikoni. Akikamatwa hakuna cha kujitetea. Kuhusu kitambaa cha kichwani, viwandani kila mtu kafunikwa hamna anayejali, kwenye kaunta inategemea bosi, aulize kwenye intavyuu asisubiri siku ya kwanza.

Sasa usiku. Mitaa ni salama kuliko tulivyozoea, dada zetu wa shuleni walikuwa wanarudi saa tano peke yao, ila treni za mwisho ni kwenye saa sita hivi, zikipita hizo teksi itakula shifti nzima. Kwa hiyo ama achukue kazi ya karibu na anapolala ama awe na baskeli. Na baskeli yenyewe: mimi niliachiwa na kaka mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani, nzuri ina kikapu mbele. Usiku wa saa saba natoka kazini polisi wawili wakanisimamisha, kwa upole kabisa, wakaomba kadi ya ukaazi (hiyo atembee nayo muda wote, hata akienda kununua chumvi), halafu wakapiga tochi kwenye stika ya usajili wa baskeli wakasoma namba kwenye redio. Jina lililotoka sio langu. Dakika 40 nimesimama kwenye baridi namuonyesha polisi meseji za mtu aliyeko Arusha, tena za kiswahili. Waliniachia, lakini akipewa baskeli na mtu waende wote dukani kubadilisha usajili kabla huyo mtu hajapanda ndege.