Kufuata reli ya Sanko kwa baiskeli: hesabu mianya kwanza

Mkuu, usikate tiketi bado. Umesema Novemba unataka kupanda baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani ya Sanko, magharibi mwa Japani, kutoka Gotsu hadi Miyoshi, kilomita 108 kwa siku mbili, ukifuata faili ya njia uliyoipakua mtandaoni. Unauliza tairi gani, mfuko gani wa kubebea baiskeli kwenye treni, ulale wapi na ubebe kamera ipi. Tairi tutalifikia. Kitakachokuumiza ni hiyo faili.

Mstari ule unaonyesha mahali treni ilipopita hadi tarehe 31 Machi 2018. Mtu amekaa mezani na ramani ya zamani, akafuatisha alama ya reli kwa kidole, kisha akaandika "njia ya baiskeli". Tairi lake halijawahi kugusa pale. Mimi niliamini faili ya aina hiyohiyo kwenye reli nyingine ya milimani, ikanila siku mbili na mkono wa gia ya nyuma. Yanatosha hayo kuhusu mimi. Wewe bado una nafasi ya kuokoka.

Kanuni ni moja: hesabu mianya kabla hujahesabu kilomita.

Mwanya ni mahali popote tuta lilipokatika. Daraja lililong'olewa, handaki lililozibwa, kivuko cha barabara kilichowekewa uzio pande zote mbili, ukingo uliochukuliwa na mafuriko. Reli ikifungwa huliwa vipande vipande. Madaraja yanayopita juu ya barabara huwa ya kwanza kulengwa, maana yakiachwa bila matengenezo chuma au saruji itamwangukia mtu anayepita chini. Vivuko hufunikwa lami. Midomo ya mahandaki huwekewa mageti ya chuma kwa sababu matofali ya dari huanza kudondoka. Kinachobaki bila kuguswa ni vipande vya katikati, vizuri kwa picha, visivyoungana na chochote. Na mto Gonokawa, ambao Sanko imeufuata karibu safari yote, ulifurika vibaya mwaka 2018, 2020 na 2021, yaani baada ya treni kuondoka, wakati ambapo hakuna tena anayelazimika kuukarabati ukingo wa reli.

Kwenye barabara ya kawaida, daraja likiwa bovu unazunguka mtaa wa pili. Kwenye korongo hakuna mtaa wa pili. Reli imechongewa rafu yake kati ya mwamba na maji, upana wa kutosha treni moja tu, na barabara mara nyingi iko ng'ambo. Ukikuta mwanya, unarudi ulikotoka mpaka daraja la mwisho la kuvukia. Hebu piga hesabu. Kokoto za reli hazipandiki kwa tairi la barabarani. Utasukuma baiskeli, na ukisukuma kwenye kokoto na mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, unakwenda kilomita 3 kwa saa ukijitahidi. Kilomita 6 ndani ya korongo ni saa mbili. Ukikuta handaki limefungwa, saa mbili nyingine za kurudi. Katikati ya Novemba jua la sehemu hizo linazama saa 11 na dakika chache jioni, na bondeni kivuli cha mlima kinakutangulia kabla ya hapo. Ukianza saa 8 mchana, giza linakukuta kwenye kokoto, na upande wa magharibi wa Chugoku, eneo hilo unalokwenda, una dubu weusi. Na treni ya kukurudisha haipo, maana umekwenda kutembelea reli ambayo treni zake zimeondolewa. Watu wengi hawalioni hili hadi wamesimama stesheni wakisoma ratiba iliyokwisha kubanduliwa.

Usifikirie kuvuka mwanya kibishi. Madaraja mengi ya zamani ya njia moja hayana sakafu: taruma lenye upana wa kama sentimita 20 limelazwa moja kwa moja juu ya mihimili ya chuma, na kati ya taruma na taruma unaona maji. Tairi la mbele likiingia hapo, baiskeli inasimama na wewe unaendelea. Ubao wa wakaguzi pembeni huoza kabla ya chuma, ukiwa bado na rangi nzuri kwa juu. Ndani ya handaki shida ni mifereji ya maji ambayo vifuniko vyake vimevunjika, na mkunjo: handaki likipinda, mwanga wa ulikotoka unakatika ghafla, na wa unakokwenda bado hujauona.

Hawa wanaoweka faili hizi wananikera kuliko maelezo. Wanaweka picha ya jukwaa la stesheni lenye nyasi, alama tano za nyota, na hakuna neno moja kuhusu geti lililoko mita 400 mbele. Na muuza baiskeli aliyeniambia "reli ni tambarare, utapita tu" alisema kweli nusu. Ni kweli miteremko ya reli ni ya upole, kwa kawaida haizidi mita 25 kwa kila mita 1000, ndiyo maana reli iliyowekwa lami ni tamu kuliko barabara yoyote ya mlimani. Lakini hata shimo lina sakafu tambarare, ndugu yangu. Swali ni kama kuna kitu chini ya tairi kati ya hapa na pale.

Mianya inahesabika ukiwa umekaa kitandani. Fungua ramani ya mtandaoni ya idara ya taifa ya upimaji ya Japani, Kokudo Chiriin, ni bure. Ina tabaka la picha za angani za miaka ya 1974 hadi 1978 na tabaka la picha za karibuni. Weka ya zamani kwanza, fuata reli kilomita kwa kilomita, na kila inapogusa mto, barabara au mlima weka alama. Kisha geuza picha mpya, rudi kwenye kila alama. Tazama kivuli: daraja lililosimama linatupa kivuli cha mstari mzima juu ya maji, likiwa limeondolewa utaona nukta za nguzo peke yake, au hakuna kitu. Reli ikipotea upande mmoja wa mlima na kutokea upande wa pili, hapo ni handaki, na handaki lihesabu kuwa limefungwa hadi upate ushahidi. Kisha tumia picha za barabarani kuangalia kila kivuko: uzio uko wapi, kibao kinasemaje. Ukimaliza, andika mbele ya kila mwanya umbali wa kurudi hadi daraja la barabara lililo karibu nyuma yake. Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Kwa Sanko nzima itakula jioni mbili.

Umri wa reli nao unakusaidia. Sanko ilianzia upande wa Gotsu mwaka 1930, na vipande vya zamani vinakumbatia ukingo wa mto, kila kona. Kipande cha katikati, Hamahara hadi Kuchiba, kilikamilika mwaka 1975, na wahandisi wa wakati huo walikuwa na mitambo ya kutoboa milima: mahandaki na madaraja marefu ya saruji. Stesheni ya Uzui iko hapo, jukwaa likiwa mita 20 juu ya ardhi, ngazi 116. Mstari wa faili yako hapo umenyooka vizuri kwa sababu uko ndani ya mwamba. Kwa baiskeli, kipande hicho chote kihesabu kuwa mwanya.

Halafu kuna hadhi ya reli, na hapa wageni hukosea sana. Wajapani wanatofautisha haishi, reli iliyofutwa, na kyushi, reli iliyosimamishwa. Iliyosimamishwa bado ni reli halali hata kama miti imeota katikati. Mfano ni reli ya Nemuro huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini: kimbunga cha Agosti 2016 kiliikata kati ya Higashi-Shikagoe na Shintoku, kipande hicho kikakaa bila treni, lakini kilifutwa rasmi tarehe 1 Aprili 2024 tu. Miaka yote hiyo aliyekanyaga tuta alikuwa amekanyaga reli. Na iliyofutwa nayo ina mwenyewe: kampuni ya reli au halmashauri ya mji. Kariri maandishi haya kwa macho: 立入禁止 ni marufuku kuingia, 通行止 ni njia imefungwa, 自転車 ni baiskeli, 熊出没注意 ni tahadhari ya dubu. Kupita kibao cha kwanza ni kosa chini ya sheria ya makosa madogo, na kwa mwenye viza ya masomo au kazi, kuandikwa majina kituo cha polisi si jambo la kuchezea. Sanko imejaa vibao hivyo. Kwa hiyo jibu la "naweza kupita juu ya tuta?" ni hapana, hata pale ambapo mianya haipo.

Sanko ifuate kwa barabara. Kutoka Miyoshi barabara ya taifa namba 375 inashuka na mto hadi maeneo ya Hamahara. Kutoka Kawamoto hadi Gotsu unayo namba 261. Katikati unaunganisha kwa barabara za mkoa. Utaona stesheni, madaraja na midomo ya mahandaki kutoka ng'ambo, ambako picha ni nzuri zaidi. Uzui na Kuchiba kuna wenyeji wanaoendesha vigari vya abiria juu ya reli ileile kwa siku maalumu. Hapo utakanyaga reli kihalali.

Kama hamu yako ni kuwa juu ya tuta lenyewe, nenda palipowekwa lami. Anza na Tsukuba: reli ya Tsuchiura hadi Iwase ilifungwa 1987, sasa ni kilomita 40 za njia ya baiskeli, majukwaa ya stesheni za zamani yamegeuzwa mahali pa kupumzikia, na ncha zote mbili zina treni hai, za reli ya Joban upande wa Tsuchiura na za reli ya Mito upande wa Iwase. Mianya sifuri. Okayama kuna reli ya Katakami ya kubebea madini, iliyofungwa 1991, kilomita 34 hivi, na stesheni ya Yoshigahara imehifadhiwa na mabehewa yake. Ukitaka mahandaki, nenda Niigata, njia ya Kubiki kati ya Joetsu na Itoigawa, kilomita 32 kando ya bahari, kwenye tuta lililoachwa reli kuu ya Hokuriku ilipohamishwa mwaka 1969. Ni mahandaki ya matofali unayopita kihalali. Washa taa kabla ya mdomo, usingoje ndani, maana macho yanayotoka juani hayaoni kitu kwa sekunde kadhaa na kuna watu wanatembea kwa miguu. Kwenye kisiwa cha Kyushu kuna reli ya Yabakei huko Nakatsu, iliyofungwa kabisa mwaka 1975, na Kyushu haina dubu.

Lakini usichanganye hizo na njia za watembea kwa miguu. Usui, pale Yokokawa, mahandaki na daraja la matofali lenye urefu wa mita 91, ni njia ya miguu. Kipande cha zamani cha Fukuchiyama kati ya Namaze na Takedao, kilomita 4.7, nacho ni cha miguu; mataruma bado yapo na mahandaki hayana taa, kwa hiyo tochi ni lazima. Baiskeli iache stesheni.

Mfuko: kwenye treni za JR, makampuni makuu ya reli ya Japani, baiskeli inafunguliwa magurudumu na kufunikwa yote, bila siti wala usukani kuchungulia nje. Urefu usizidi mita 2, jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250, uzito kilo 30. Nunua kile kipande cha chuma kinachowekwa mahali pa gurudumu la nyuma ili fremu isilalie gia, na ubebe kibamba cha akiba cha kushikia mkono wa gia. Kila fremu ina cha kwake, na duka la mji mdogo halitakuwa nacho. Gotsu utapata treni za San'in, Miyoshi treni za Geibi hadi Hiroshima. Ni mabehewa mafupi, kwa hiyo epuka saa za wanafunzi. Mabasi yaliyochukua nafasi ya Sanko ni machache, yamegawanyika vipande vipande, na usipange safari ukitegemea kwamba dereva atapokea baiskeli. Mpigie simu mwenye basi kabla ya siku, umtajie vipimo vya mfuko.

Tairi: kwa lami ya Tsukuba milimita 28 linatosha, kwa barabara za mkoa kandokando ya Gonokawa weka 32 hadi 35, maana Novemba majani yaliyolowa hufunika mashimo. Tyubu mbili za akiba.

Weka hapa orodha yako ya mianya ukishaihesabu, nitaipitia moja moja. Ile faili ifute leo.