Bumba la Nyuki Likitua Kwenye Ua, Angalia Kwanza Wanafanya Nini

Mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, nyuki wakitua kwenye ua wa miti, jirani wa kwanza kufika huwa ameshika kiberiti. Wa pili ana dawa ya mbu. Mimi nafuga nyuki, mizinga yangu iko upande wa Bahi, na mtu akinipigia huwa namwomba kitu kimoja: usiguse, niambie wanafanya nini.

Bumba lililotua halijahamia kwako. Malkia ametoka na kundi lake, wamejaza asali tumboni, na hapo kwenye ua wanapumzika tu wakati nyumba inatafutwa. Hawana watoto wala akiba ya kulinda, ndiyo maana nyuki wetu hawa wakali huwa wapole kidogo. Kidogo, nimesema. Wakikaa sana ile asali ikaisha, upole nao unaisha.

Simama mbali, vuta picha kwa simu. Wengi utawaona wametulia, wameshikana miguu. Juu yao wachache wanakimbia mstari mfupi huku wakitikisa matako, wanazunguka, wanarudia. Hao ni wapelelezi, na hiyo ndiyo ngoma yao. Mstari unaonyesha upande ilipo nyumba waliyoiona, na muda wa kutikisa unaonyesha umbali. Mwaka 1949 mjini Munich, Ujerumani, mtafiti wa nyuki Martin Lindauer aliona bumba kichakani, wachezaji wake wamechafuka: huyu masizi, yule vumbi jekundu la tofali, mwingine unga. Akang'amua kwamba hawa hawatoki kwenye maua, wanatoka kukagua mashimo. Mimi nikiwa na nguo za kazi nimewahi kusogelea bumba nikamkuta mchezaji mweupe mgongo mzima kwa vumbi la jipsamu. Nyuma yetu kulikuwa na fundi anapiga dari. Nikaenda kumwambia afunge matundu siku hiyohiyo.

Wachezaji wote wakielekeza upande mmoja, safari imekaribia. Mlio unapanda, bumba linalegea, linamwagika hewani. Hiyo inaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa.

Wakati unasubiri, watoto wakae ndani. Mbuzi au mbwa aliyefungwa karibu na ua mhamishe mapema, maana mwenye kamba shingoni hana pa kukimbilia. Kisha zunguka nyumba yako: boksi la mita ya maji, chini ya bati, pembe za dari. Tundu ambalo penseli inapita, nyuki anapita pia. Ziba kwa wavu wa chuma kabla hawajaingia, si baada.

Ukiona masega meupe yananing'inia katikati ya matawi, habari imebadilika. Hao wamehamia, na sasa wana cha kulinda. Tafuta mfugaji aje jioni na bomba la moshi awaingize mzingani. Wakikuvamia kimbilia ndani, usipige mikono. Kila anayechoma anaacha harufu inayowaita wenzake. Mwiba ung'oe haraka, kwa njia yoyote. Mtu akivimba uso au akihema kwa shida, hospitali papo hapo.

Na ukipiga simu, sema ua wako ni wa nini. Kwenye michongoma nakuja na panga na glovu nene. Kwenye minyaa lazima nibebe miwani, maana ukikata tawi utomvu unaruka, na ukiingia jichoni utawasahau hata hao nyuki.