Nani Amlipe Anayemtunza Mama?

SWALI: Mhariri, mama yetu ana umri wa miaka 78 na anaishi kijijini katika kaunti ya Vihiga. Tangu alipopatwa na kiharusi mwaka jana, upande wake wa kulia haufanyi kazi, ingawa akili yake ni timamu na anazungumza bila shida. Wifi yangu, mke wa kitinda mimba wetu, ndiye anayemwogesha, anayemlisha na kumgeuza usiku. Mimi ninafanya kazi Nakuru, na kaka zangu wengine wawili wako Kisumu na Nairobi. Mama hupokea fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, na kaka wa Kisumu anashikilia kwamba hizo zinatosha kumlipa mtunzaji, kwa hiyo yeye hatumi chochote. Wifi amechoka na ameanza kutaja kurudi kwao. Je, serikali ina fedha za kumlipa mtu anayemtunza mzee nyumbani? Na tukiajiri, tulipe kiasi gani?
Kifungua Mimba, Nakuru

JIBU: Dada, tuanze na hesabu ya kaka yako wa Kisumu, maana ndiyo iliyowakwamisha. Inua Jamii humpa mzee aliyesajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na wakati mwingine fedha za miezi miwili hutolewa pamoja, yaani shilingi 4,000 kwa mkupuo mmoja. Ukizigawanya kwa siku 30 za mwezi, unapata chini ya shilingi 67 kwa siku. Mpango huo, ambao mwaka 2018 ulipanuliwa uwafikie wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, ulikusudiwa kumwezesha mzee kununua unga, sabuni na mafuta ya taa, wala haukukusudiwa kulipa mshahara wa mtu mwingine. Nchini Kenya hakuna posho ambayo serikali humlipa mtu kwa sababu tu anamtunza mzazi wake. Huenda majirani wakawaambia kwamba kuna malipo ya watu wenye ulemavu mkubwa, nayo kweli yapo, lakini hayo pia ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mtu mmoja hatarajiwi kupokea kutoka katika mipango miwili.

Hata hivyo, hizo 2,000 ni za Mama na zinafaa kulindwa. Kwa kuwa mkono wake wa kulia haufanyi kazi na safari ya kwenda kuchukua fedha imekuwa mateso, mwendeeni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, mkiwa na kitambulisho cha Mama na mkipitia kwa naibu wa chifu anayemfahamu, ili mtunzaji wake aandikishwe rasmi katika mpango. Mtunzaji huyo atajwe na Mama mwenyewe, wakati huu ambapo akili yake ni timamu na hakuna anayeweza kudai kwamba alilazimishwa. Ningependa awe mtu anayelala naye nyumba moja. Nimeona familia ambamo kadi ya mzee ilikaa mwaka mzima katika mkoba wa binti aliye mjini, huku mzee akikopa sukari dukani, na kila mtu akiapa kwamba hakuna fedha iliyoguswa.

Jambo la pili ni matibabu. Watu wengi wanadhani kwamba mzazi amo katika bima ya afya ya mtoto aliyeajiriwa, kumbe sivyo. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya taifa ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, michango yako wewe inamhudumia mwenzi wako na watoto wako. Mama lazima asajiliwe kwa jina lake, kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa katika kituo cha afya, kisha ajibu maswali kuhusu hali ya maisha ya nyumba yake ili mchango wake ukadiriwe. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiyeajiriwa hukadiriwa kwa mwaka, yaani shilingi 3,600. Hiyo ndiyo gharama ambayo ningemkabidhi kaka wa Kisumu leo hii, kwa sababu ina kiasi kinachojulikana na siku inayojulikana. Bima hiyo itawafaa Mama akilazwa, lakini haimlipi mtu wa kumgeuza kitandani saa nane za usiku. Msimsahau pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu: tangu Septemba 2023 wahudumu hao wamepewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, na mgonjwa wa kiharusi ni miongoni mwa wale ambao nyumba zao zinastahili kutembelewa. Mwombeni amfundishe wifi yako namna ya kumgeuza Mama na kumkinga na vidonda vya kulalia.

Sasa tuje kwenye ajira. Mfanyakazi wa nyumbani analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 sawa na karani wa ofisini: mkataba wa maandishi ikiwa kazi itafika miezi mitatu, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 kwa mwaka. Kwa agizo la mishahara lililoanza tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikuu, Nakuru na Kisumu zikiwemo, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, ilhali vijijini ni zaidi kidogo ya shilingi 8,500. Kabla ya kuandika mkataba, ulizeni katika ofisi ya leba kama viwango vimepandishwa. Tuseme mnamlipa 8,600 kijijini. Mwajiri anaongeza asilimia 6 ya NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya mfanyakazi, ambayo ni shilingi 516, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu, ambayo ni shilingi 129. Jumla ni shilingi 9,245, kabla ya chakula chake na pampasi za Mama. Ninyi watatu mlio mjini mkitoa shilingi 4,500 kila mmoja, mnapata 13,500, na inabaki 4,255 ya matumizi hayo. Kumhamishia Mama Nakuru kungekugharimu takriban mara mbili katika mshahara peke yake, mbali na kumtoa katika boma alilolizoea.

Lakini swali zito katika barua yako ni wifi yako. Kwa desturi za huko kwetu magharibi, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na kwa sababu hiyo mkewe huonekana kana kwamba alikabidhiwa mgonjwa pamoja na nyumba. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema kwamba mzee ana haki ya kupata uangalizi na msaada wa kuridhisha kutoka kwa familia yake na Serikali. Hakikusema kutoka kwa mke wa mtoto wa mwisho. Kabla hamjamtafuta mgeni, mwulizeni yeye anataka nini. Pengine angependa kuendelea, ilimradi apokee kiasi kilekile ambacho mlikuwa tayari kumpa mgeni, apate msaidizi wa kufua na kupika, na mmoja wenu afike nyumbani wikendi moja kila mwezi ili naye alale usiku mzima. Akikataa, msimlaumu. Michango itumwe kwa nambari moja ya M-Pesa, matumizi yaandikwe katika daftari linalokaa kando ya kitanda cha Mama, na kikao cha kupanga haya kifanyike Mama akiwepo na akisikia.

SWALI: Baba yangu alistaafu kutoka utumishi wa umma na akafariki mwaka 2019. Mama alikuwa akipokea pensheni yake hadi mwaka 2024, kisha ikakatika ghafla. Je, kuna mtu anayeila?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Huenda hakuna anayeila. Pensheni ya wategemezi, anapofariki mstaafu wa serikali, hulipwa kwa miaka mitano, na miaka hiyo kwa mama yako imekwisha. Tafuta hati za zamani za mshahara wa baba na uangalie kama alikuwa akikatwa asilimia 2 kwa ajili ya mpango wa pensheni ya wajane na watoto. Ikiwa alikatwa, mama ana haki ya malipo mengine ambayo huendelea maisha yake yote, maadamu hajaolewa tena, na mnapaswa kuyadai kwa maandishi katika Idara ya Pensheni iliyo chini ya Hazina ya Taifa. Ikiwa hakukatwa, na mama ametimiza miaka 70, basi sasa ni mzee asiye na pensheni. Usajili mpya wa Inua Jamii hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo apeleke mapema kwa naibu wa chifu nakala ya kitambulisho pamoja na barua inayothibitisha kwamba malipo ya kwanza yamekoma.