Anza na siku moja, si na kuzaliwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayetaka kuandika kumbukumbu za maisha yake aanzie wapi?

Asianzie kuzaliwa. Hakuna akumbukaye kuzaliwa kwake, kwa hiyo ukurasa wa kwanza utajaa maneno ya kuambiwa. Achague siku moja anayoikumbuka kwa pua na masikio, tuseme asubuhi ya kuanika dagaa mwaloni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Aandike kwa mkono dakika 30 bila kufuta, upande mmoja tu wa karatasi. Upande wa pili ni wa masahihisho, na utajaa.

Kinachoharibu kazi nyingi za wanaoanza ni vitenzi. "Nikaamka, nikanawa, nikaenda ziwani, nikaambiwa baba amefariki." Hiyo -ka- inasukuma kila tendo kwa uzito uleule, hata msiba unapita kama kunawa uso. Mazoea yaandikwe kama mazoea: "mama alikuwa akianika", "tulikuwa tukichota maji". Msomaji akishazoea mwendo huo, siku mambo yalipogeuka "mama hakuanika" inamshtua. Tunzeni -ka- kwa pale mambo yanapokimbizana kweli: tatu au nne, kisha sentensi isimame.

Halafu kumbukumbu ipimwe, maana hukosea bila nia mbaya. Mtu ataandika kwamba baba alirudi na mtumbwi umejaa dagaa usiku wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi hupumzika. Basi ama mwezi haukuwako, ama baba hakuwa ziwani. Kama hakuwa ziwani, alikuwa wapi? Swali hilo lisikimbiwe, huenda ndilo lililobeba sura nzima.

Miaka itafutwe kwa matukio: kabla au baada ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970? Vita vya Kagera vilipoanza 1978 ulikuwa darasa la ngapi? Mitumbwi ilikuwa na karabai au taa za sola?

Ndugu waulizwe mmoja mmoja. Wakiketi pamoja, simulizi la mkubwa humeza mengine. Wala usiulize "ilikuwaje?", uliza nyumba iliezekwa kwa nini, nani alilala chumba kipi. Wakitofautiana, andika yote mawili na useme nani kasema lipi.

Maneno ya bibi ya Kiha, lugha ya Waha wa huku Kigoma, yabaki Kiha, maana yake ionekane katika jibu la aliyeambiwa. Na palipo na siri ya mtu aliye hai, asomewe yeye kwanza kurasa hizo, kabla ya jirani yeyote.

Msomaji, Ujiji