Je, Yafaa Kutumia Mazingaombwe Kumhadaa Adui Vitani?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Naishi Kondele, hapa Kisumu. Mdogo wangu ni mwanajeshi, na kabla ya kuajiriwa alikuwa akionyesha mazingaombwe kwenye harusi na shuleni. Alipokuja likizo alitusimulia kuwa katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walimtumia mwanamazingaombwe kuficha jeshi lao jangwani Misri. Tukabishana barazani baada ya swala. Wengine walisema huo ni uchawi na uongo, haufai kamwe. Wengine wakasema vitani kila kitu ni halali. Nani ana haki?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Kila upande umeshika kipande cha haki ukaacha kingine, na anayesema vitani kila kitu ni halali ndiye ninayemhofia zaidi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema: "Vita ni hadaa." Wameipokea Bukhari na Muslim. Sahaba Kaab bin Malik, Allah amridhie, anasimulia kuwa Mtume alipotaka kwenda vitani upande fulani alikuwa akidokeza upande mwingine, isipokuwa safari ya Tabuk, ambayo aliitangaza wazi kwa sababu ya umbali na ukali wa joto. Na katika vita vya Khandaq (Handaki), mwaka wa 5 Hijria, Madina ilipozingirwa, Nuaym bin Masud alikuwa amesilimu bila watu wake kujua. Akawashauri Banu Quraydha, kabila la Mayahudi wa Madina walioungana na Maquraishi, wadai mateka kutoka kwa Maquraishi kabla ya kupigana, kisha akawaendea Maquraishi na kuwaambia kuwa mateka hao watakabidhiwa Waislamu wauawe. Kila upande ukamshuku mwenzake, na umoja wao ukavunjika.

Basi tazama yaliyofanyika El Alamein, huko Misri, Oktoba 1942. Vifaru vya Waingereza vilivikwa fremu na turubai vikaonekana malori. Upande wa kusini vikawekwa vifaru bandia, na likatandazwa bomba la maji la uongo, likisogezwa polepole ili Wajerumani wadhani mashambulizi bado yako mbali. Aliyesimamia kazi hiyo ni Geoffrey Barkas, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu. Mwanamazingaombwe anayetajwa na mdogo wako bila shaka ni Jasper Maskelyne. Kweli alihudumu katika kazi ya kuficha zana, lakini mengi aliyojinasibisha nayo, kama kuihamisha bandari ya Alexandria machoni pa marubani, wanahistoria wameyatilia shaka. Mwambie asiyasimulie kama mambo yaliyothibiti.

Kifaru kuvikwa turubai si uchawi. Hakuna jini aliyeitwa, hakuna aliyedai kujua ghaibu. Ni hadaa ya macho dhidi ya adui anayepigana nawe, nayo inaingia katika hadithi niliyoitaja.

Lakini kuna mazingaombwe ya aina nyingine, na hapa nawaomba mtulie. Mwaka 1856 Ufaransa, iliyokuwa ikiitawala Algeria kwa mabavu, ilimpeleka huko mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Robert-Houdin. Lengo lilikuwa kuvunja heshima ya masharifu na mamurabiti, yaani viongozi wa dini, waliowahimiza watu kuupinga ukoloni. Alikuwa na kisanduku chenye chuma ndani, na chini yake sumaku ya umeme iliyofichwa. Alimwita mwanamume mwenye nguvu akinyanyue. Akakinyanyua kwa urahisi. Kisha akamwambia kuwa sasa atamnyang'anya nguvu zake. Sumaku ikawashwa, kisanduku kikaganda, na umeme ukapitishwa kwenye mpini mpaka yule mtu akapiga kelele. Robert-Houdin mwenyewe aliandika baadaye kwamba wafasiri walieleza kuwa ule ulikuwa ustadi tu. Hata hivyo, waungwana, watu walikuwa wameshatiwa hofu kwamba Mfaransa ana uwezo wa kumwondolea mja nguvu alizopewa na Mola wake.

Hiyo ndiyo kazi ya wachawi wa Firauni. Allah anasema waliyazuga macho ya watu na wakawatia woga (7:116). Kamba na fimbo zao hazikugeuka kitu, ila ilidhaniwa kuwa zinakwenda (20:66). Kumfanya mtu aamini kuwa una uwezo usio wa kibinadamu ni kuigusa itikadi yake, na vita havikuhalalishii hilo, awe adui au askari wako. Walioambiwa katika Majimaji, mwaka 1905, kuwa dawa ya maji itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji walikuwa na haki ya kutetea ardhi yao. Inaniuma kwamba waliendea bunduki wakiitegemea dawa hiyo.

Mpaka wa pili ni ahadi. Imam Nawawi ameeleza kuwa wanachuoni wameafikiana juu ya kujuzu kumhadaa adui vitani kwa namna yoyote iwezekanayo, ila pale penye kuvunja ahadi au amani iliyotolewa. Huko Nandi, si mbali nanyi, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Afisa huyohuyo anahusishwa na mkoba wa nyaraka za uongo ulioangushwa makusudi mwaka 1917 ili Waturuki wadhani Gaza ndiyo itakayoshambuliwa, si mji wa Beersheba. Mkoba ule ni hila ya vita. Risasi ile ni khiyana, na Mtume amesema kila mhaini atakuwa na bendera Siku ya Kiyama. Koitalel hakuwa Muislamu, na hilo halipunguzi dhambi hata chembe.

Kwa hiyo mdogo wako akiamrishwa kuficha zana au kutengeneza za bandia katika vita vya haki, afanye kwa ustadi wake wote. Akiamrishwa kupeperusha bendera nyeupe ya uongo, kujifanya tabibu wa majeruhi, au kujigeuza mganga ili kuwatisha wanakijiji, akatae.

Kuhusu mazingaombwe ya harusini, wanachuoni wametofautiana. Imam Razi, mfasiri wa Qurani, aliuhesabu wepesi wa mikono wa kuhadaa macho miongoni mwa aina za sihri, yaani uchawi. Ninaloliona mimi ni kuwa asionyeshe ila baada ya kusema wazi kuwa ni wepesi wa mikono, na akiwa mbele ya watoto awafunulie namna alivyofanya kabla hawajatawanyika. Asipoweza hilo, aache.

Wallahu aalam.