Shokapu ya springi: anza na uzito wako

Ndugu, umeuliza kama kwa mtu wa kilo 92 shokapu ya mbele ya baiskeli yenye springi inafaa kuliko ya upepo. Kwa njia za mawe na mizizi ulizozieleza, chukua ya springi. Haihitaji sili (mipira ya kuziba) za kubana hewa, kwa hiyo msuguano ni mdogo na inaitikia hata kokoto dogo. Ni nzito zaidi, na kwenye mpando mrefu utausikia huo uzito.

Ila usilipe kabla hujajua springi iliyomo ni ya mtu wa kilo ngapi. Nyingi huja na springi ya mtu wa wastani, nawe umemzidi. Kile kitufe cha juu cha kukazia hakiifanyi springi kuwa ngumu. Kinainua tu mbele ya baiskeli kidogo. Springi ikiwa laini, dawa ni kuibadilisha, basi hakikisha springi ngumu ya modeli hiyo inapatikana.

Kupima ni rahisi: funga uzi wa mpira kwenye bomba la juu la mguu wa shokapu, lile linalozama, uteremshe hadi kwenye sili ya kuzuia vumbi, panda taratibu na mzigo wako wote, simama kwenye pedali, kisha shuka bila kudunda. Uzi ukionyesha shokapu imezama asilimia 15 hadi 25 ya mwendo wake, yaani urefu wote inaoweza kuzama, iko vizuri.

Halafu tafadhali, fremu iliyoundwa kwa shokapu ya mwendo wa milimita 120 usiifungie ya 160. Mbele itainuka, usukani utayumba ukipanda, na shingo ya fremu itaumia. Linganisha pia bomba la usukani, ekseli na saizi ya gurudumu.