Jibu: Kwa nini achanjwe akiwa bado mdogo?
Dada, umeuliza kwa nini bintiyo wa miaka 11 achanjwe dhidi ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa ngono na vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, ilhali mambo ya mapenzi hayajui. Hapo hapo ndipo penye jibu: chanjo hii huzuia, haitibu. Virusi vikishaingia, sindano haivitoi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2022 linakubali hata dozi moja, isipokuwa kwa wenye kinga dhaifu.

Ndani ya chanjo hamna kirusi hai. Ni maganda matupu ya protini, kama yai lililotolewa kiini. Mwili unalijua umbo na kuandaa askari wake. Aina ya 16 na 18 za virusi hivi pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo zote huzilenga hizo.

Wapo wasemao chanjo hii itamfundisha uhuni; hilo silikubali. Tunachanja pepopunda, na sijaona mtoto akikimbilia misumari.

Mkono utamuuma siku moja mbili. Vijana wengine huzirai wakichomwa sindano, basi akae dakika 15 kabla hamjaondoka. Akiwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi.